Mjukuu Wangu Asiye na Mtu

Iko nchi moja ambayo jina lake bado linajadiliwa na kamati, kwa hiyo nitaiita nchi yetu tu. Ni nchi nzuri. Mvua inanyesha, watu wanasalimiana, na viongozi wanatupenda kiasi kwamba hawawezi kumaliza wiki bila kututangazia jambo.

Mwaka ninaousimulia, Waziri wa Elimu na Subira alitangaza redioni kwamba mtoto wa maskini sasa atapata mkopo wa kusomea chuo bila kuwa na mdhamini. Alitangaza kwa sauti yenye machozi. Alisema Serikali imewafikiria sana watoto wasio na mtu wa kuwawekea sahihi, na kwamba kuanzia leo kukosa mtu si kizuizi tena, ni sifa. Baada ya hapo ukapigwa wimbo wa taifa, beti zote, pamoja na ule wa tano ambao hakuna anayeujua.

Kabla ya hapo ilikuwa kazi. Mdhamini alitakiwa awe na umri chini ya miaka sitini, awe na nyumba yenye dari, na awe na ndugu aliyeajiriwa ofisini. Mtaani kwetu mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja, Bi Mashavu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Bi Mashavu ana miaka hamsini na minane, jambo ambalo huwezi kukaa naye robo saa bila kulisikia. Ana wanawe watatu wizarani, dari ya mbao, na friji inayogandisha barafu zenye umbo la samaki. Alishadhamini watoto wanne wa mtaa. Wakirudi likizo, wote wanne huanzia kwake kusalimia. Mimi niliyewakanda migongo walipokuwa wachanga hunipungia mkono kupitia dirishani, wakiwa wanatafuna samaki wa barafu.

Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemsema jikoni peke yangu nikapoa. Lakini Bi Mashavu ni mwema, anajua kunyamaza ukiwa na msiba, hakumbushi alichokupa. Mtu kama huyo ukimwonea wivu huna pa kuutua, unazunguka nao.

Mjukuu wangu Sikudhani nimemlea tangu ana miaka mitatu, mama yake alipofariki. Mwaka ule alichaguliwa kwenda chuo cha ukunga. Barua ilikuja asubuhi, na alasiri Bi Mashavu akawa mlangoni kwangu, kalamu iko mkononi. Alisema fomu iko wapi, aweke sahihi, mtoto akasome.

Nilimshukuru. Nikamwambia asijisumbue, Serikali imeshamwona.

Akairudisha kalamu kwenye kanga, akaaga. Sikudhani alinitazama. Na mimi sikumwambia nilichokuwa nakiwaza, kwamba huyu mmoja, wa kwangu, akirudi likizo sitaki aanzie kwa mtu mwingine.

*

Bodi ya Mikopo iko mjini, ghorofa ya nne, na lifti imewekewa utepe kwa sababu inasubiri kuzinduliwa. Karani wa dirisha namba sita, binti mmoja anaitwa Stamili, aliona ninavyohema akanitolea kiti chake mwenyewe. Alifanya kazi amesimama mpaka tulipomaliza. Wapo watu hivyo hata ghorofa ya nne.

Alitueleza taratibu. Mkopo bila mdhamini unatolewa kwa mtu mwenye Cheti cha Upweke. Cheti cha Upweke kinatolewa baada ya Mkaguzi kufika nyumbani na kuridhika kwamba mwombaji hana mtu yeyote duniani ambaye angeweza kumdhamini. Akipatikana hata mmoja, basi mwombaji ana mdhamini, na mwenye mdhamini hana haki ya mkopo wa wasio na mdhamini.

Sikudhani akauliza, ikitokea hivyo, si atarudi kwenye ule mkopo wa zamani wa wenye wadhamini? Stamili alitazama chini. Dirisha hilo lilikuwa linafungwa Jumatatu, na Mkaguzi alikuwa anakuja Jumatano.

Niliingiwa na hofu, maana mimi mwenyewe nilikuwa pale, mtu mzima, nimemshika mtoto mkono. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba mimi ni bibi yake.

"Una miaka mingapi, bibi?"

"Sabini na mmoja."

Stamili akafungua kitabu cha sheria na kusoma, kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemchomoa mwenzake mwiba. Kifungu cha tisa kinasema kwamba mtu aliyepita miaka sitini si mtu, kwa madhumuni ya sheria hii. Kwa hiyo sikuwa na madhara yoyote.

Tulifurahi sana. Tuliposhuka ngazi Sikudhani alinibebea mkoba.

*

Habari zilifika mtaani kabla yetu. Mjumbe akaitisha kikao barazani kwa fundi Pongwa, mshona nguo, na watu wakakubaliana kumsaidia mtoto. Msaada wenyewe ulikuwa kumchukia kwa wiki moja.

Sijawahi kuona mtaa ukijitolea namna ile. Mwenye duka alimhudumia mwisho, na akipima sukari alikuwa anatikisa kijiko mpaka kidogo kile cha nyongeza alichozoea kumtilia kikaanguka. Wasichana aliokuwa anasukana nao walihamia kibaraza kingine. Fundi Pongwa, ambaye hajapata kumtukana hata paka, alipewa kazi ya kumtukana Sikudhani Mkaguzi akiwa anapita. Alifanya mazoezi siku mbili. Siku ilipofika alisimama, akamwambia binti yule kwamba hajui kukunja suruali, kisha akaingia ndani, na mkewe akaniambia baadaye kwamba alikaa na uso kwenye kitambaa mpaka adhuhuri.

Mkaguzi Mkuu wa Upweke alikuwa Bwana Lwitiko, mtu wa makamo, mwenye viatu vinavyong'aa na wasaidizi wawili. Mmoja alikuwa wa kuandika, mwingine wa kusikitika. Walianza na kitanda. Bwana Lwitiko alibonyeza godoro kuona kama lina shimo moja au mawili. Akamwinamia Sikudhani akanusa nywele.

"Nani amekusuka?"

"Bibi."

"Andika, hajulikani."

"Nani anakuamsha asubuhi?"

"Bibi."

"Andika, anaamka mwenyewe."

Yule wa kusikitika akatikisa kichwa. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Walitazama mlango, hakuna aliyebisha hodi. Walisikiliza dirishani, hakuna aliyemwita. Bwana Lwitiko alishaanza kufungua kofia ya kalamu, ndipo akasema, kwa kutimiza tu, waone na kabati la vyombo.

Hapa sina budi kueleza jambo. Kwetu ukiletewa chakula kwenye sahani, sahani hairudishwi tupu. Unatia chochote, hata ndizi mbili, ndipo unairudisha. Bi Mashavu alikuwa analeta mbaazi, mkate wa kumimina, mara wali wa nazi. Zamani nilikuwa narudisha. Halafu ikaja ile friji. Sikuwa nimekosa ndizi mbili, ila nilijua zitakwenda kutua juu ya meza gani. Nikawa nazungusha, leo kesho, nitarudisha nikipata kitu cha maana. Sahani nyingine ikaja, nikaiosha, nikaiweka juu ya mwenzake.

Bwana Lwitiko alitoa sahani kumi na moja. Zote nyeupe, zenye maua ya buluu ukingoni. Akageuza moja. Kama mnavyojua, mwanamke mwenye vyombo vinavyoazimwa kwenye shughuli huandika jina chini kwa rangi ya kucha, visipotee. Chini ya kila sahani kulikuwa na maandishi mekundu, B. Mashavu.

"Mashavu ni nani?" akauliza.

Nikaanza kupanga vikombe.

"Ana miaka mingapi?"

Na kutoka upande wa pili wa ukuta, alipokuwa anaanika nguo huku akijitahidi kukaa mbali nasi, Bi Mashavu akajibu mwenyewe, kwa mazoea tu, "Hamsini na minane."

Yule wa kusikitika akaacha kusikitika. Waliandika ukurasa mzima. Sahani kumi na moja, yalisema maandishi yao, ni matendo kumi na moja ya mapenzi yaliyothibitishwa kwa rangi ya kucha. Mwombaji alikuwa na mtu. Shauri likapelekwa mbele ya Kamati, Ijumaa, saa nne, na chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu.

*

Siku ya Alhamisi nilikaa muda mrefu upande wangu wa ukuta kabla sijapiga hodi. Sikudhani hakunilaumu. Alikuwa anafua mashuka yote ya nyumba, hata yaliyo safi, kama mtu anayejua kwamba atabaki kuyatumia. Ningependa anilaumu. Angeniambia tu, bibi, siku ile mwenye kalamu alisimama hapa mlangoni.

Bi Mashavu alinikaribisha kiti cha karibu na feni. Hakuja na samaki wa barafu. Alileta maji ya kawaida, ya mtungini, ninavyopenda, na nikagundua kwamba alikuwa anajua ninavyopenda.

"Asumini," akaniambia, "sahani zangu kumi na moja. Mimi nilidhani umeninunia."

"Sikuwa na cha kutia."

"Shoga, hata ungetia maneno."

Nikamweleza kilichonipeleka. Akisema mbele ya Kamati kwamba alikuwa anamletea Sikudhani, Sikudhani ana mtu, na mambo yamekwisha. Lakini akisema sahani zilikuwa zinakuja kwangu, basi hazihesabiki, maana mimi si mtu. Nilimwomba aseme hivyo. Nilijua ni kumwomba aseme uongo mbele ya watu, yeye ambaye hata bei ya kitenge hajui kupunguza. Nilijua pia nani anapendwa na nani. Watoto wote wa mtaa ni wake. Kwa nini wangu asiwe?

Bi Mashavu alinitazama kama mtu aliyeambiwa jina lake si lake.

"Kwani wewe ulidhani nilikuwa namletea nani?"

Nilikunywa maji.

"Huyo mtoto ana meno, atakula popote," akasema. "Wewe ukipika, unapika nusu unamwachia yeye. Naona moshi wako unavyozimika mapema. Miaka sita ninakutilia wewe, na wewe unampa yeye, halafu unanifungia sahani kabatini."

Nilirudi nyumbani na wivu wangu ukiwa bado mzima. Lakini sasa sikujua niuelekeze wapi.

*

Kamati ya Upweke ilikuwa na wajumbe tisa na glasi tisa za maji. Mwenyekiti alifungua kikao kwa hotuba. Alisema upweke ni tunu ya taifa, kwamba nchi nyingine zinaagiza upweke kutoka nje wakati sisi tunao wa kutosha, na kwamba ni wajibu wa kila mzalendo kuulinda dhidi ya udanganyifu. Sahani zilipangwa mezani, zikiwa zimegeuzwa.

Bi Mashavu aliitwa. Alikuwa amevaa baibui la shughuli. Mwenyekiti akamuuliza kama ni yeye aliyempelekea chakula mwombaji. Akasema hapana. Akaulizwa alimpelekea nani. Akanyoosha kidole kwangu, bila kunitazama, akasema, "Yule. Na nitampelekea tena kesho."

Wajumbe walinong'ona. Kitabu cha sheria kikafunguliwa. Ilionekana kwamba mapenzi yaliyopelekwa kwa asiye mtu ni sawa na mapenzi yaliyomwagika njiani. Sahani zikaondolewa mezani.

"Swali la mwisho ni kwa mwombaji," akasema Mwenyekiti. "Ajibu kwa sauti, iingie kwenye kumbukumbu. Binti, una mtu?"

Sikudhani alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipokaa. Asubuhi ile nilikuwa nimemfunga kilemba nikakivuta mbele kidogo, kwa sababu ana kovu dogo kwenye paji la uso na halipendi. Alikishika kile kilemba.

Mjumbe mmoja akakohoa. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Sina," akasema.

Kamati ikapiga makofi. Bi Mashavu hakupiga. Mimi nilipiga, tena nadhani nilipiga kwa nguvu kuliko wote, na viganja viliniwasha mpaka tulipofika nyumbani. Akapewa cheti chenye picha yake na maneno ya dhahabu yanayosema kwamba, kwa kuwa hana mtu, tangu leo Serikali ndiyo mtu wake.

*

Masharti ya cheti yalikuwa machache na ya upole. Mwanafunzi alipewa simu inayopiga namba moja tu, ya Bodi, ambayo wakati wote inatumika. Hakuruhusiwa kumwandikia mtu barua, maana asiye na mtu anamwandikia nani? Badala yake, kila mwezi aliiandikia Serikali barua ya shukrani, na barua hiyo ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, ghorofa ya nne, wananchi waisome wafurahi.

Mwezi wa kwanza nilipanda ngazi zote zile, Bi Mashavu akinisukuma kiuno kwa nyuma. Barua ilikuwa katikati ya ubao. Niliutambua mwandiko nikiwa bado mlangoni.

"Mpendwa Serikali," ilisema, "nimefika salama. Kitanda changu kiko karibu na dirisha. Usibebe ndoo mwenyewe, mwambie fundi cherehani akubebee, hatakataa. Kifua chako kikianza usingoje kizidi, chemsha tangawizi na ulale chali. Vaa soksi. Jana nimempokea mtoto wangu wa kwanza, wa kike. Alilia, na mimi nikalia. Nilitamani sana uwepo. Usife njaa kwa ajili yangu, sasa siko, pika ule wewe."

Watu waliokuwa wanasoma walisema mtoto huyu ana adabu. Barua ilikuwa imeshamgusa Waziri, akaisoma bungeni, akaanza kuonekana kwenye vikao na kikombe cha tangawizi. Makatibu wote wakavaa soksi mbili mbili. Wizara ya Maji iliajiri mafundi cherehani saba, na hadi leo hawajaelezwa kazi yao ni nini. Magazeti yaliandika kwamba hakuna Serikali duniani inayopendwa namna hii na raia wake.

Nimewahi kumwonea wivu mwenye friji, mwenye dari na mwenye miaka hamsini na minane. Sikujua kwamba nitakuja kuionea wivu Serikali. Nilisimama mbele ya ubao nikawaza, haijapata kumkanda mtoto huyu tumbo hata siku moja. Haijui kwamba anaogopa radi. Na nikitamka neno moja tu, kwamba kifua hicho ni changu, mtoto anarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Basi nikaisoma tena kuanzia juu.

Watu walipopungua, Stamili wa dirisha namba sita alinipa ishara. Mezani kwake kulikuwa na jibu la Serikali, maana kila barua sharti ijibiwe. Lilikuwa na mstari mmoja tu uliochapwa, unaosema kwamba Serikali imepokea mapenzi yako na yanafanyiwa kazi. Chini yake karatasi ilikuwa tupu. Alivuta kiti, akanikalisha, akaweka vidole juu ya mashine. Hakunitazama.

"Bibi," akasema polepole, "kifua cha Serikali kinaendeleaje?"

Nilitazama mlangoni. Bi Mashavu alikuwa amejisimamisha pale, ameziba njia kwa baibui lake lote.

"Kimepungua," nikasema. "Kinasumbua asubuhi tu."

Akachapa.

"Na kula, Serikali inakula?"

"Inakula. Ina jirani anayeisimamia mpaka imalize."

"Na kuhusu huyo mtoto wa kwanza, Serikali inasemaje?"

Kisha nikamwambia aandike kwamba siku alipozaliwa Sikudhani mvua ilikuwa inanyesha, na mkunga alifika amelowa mpaka mifupani, na hakuomba hata kanga ya kujifutia mpaka mtoto alipolia. Aandike kwamba Serikali ilikuwepo, iliona, na inamwomba awe kama yule.

Stamili alichapa kila neno. Karatasi ikapigwa muhuri, ikapelekwa chumba cha ndani, Waziri alikokuja siku hiyo kutia sahihi majibu. Haikukaa hata dakika mbili huko. Waziri aliitia sahihi bila kuisoma, akiwa ameshika kikombe chake, na Stamili akanionyesha kabla hajaifunga kwenye bahasha. Maneno yangu yalikuwa pale, yote, na chini yake jina la Waziri kwa wino wa buluu.

Nilipatazama mahali pale alipoandika. Palikuwa padogo tu. Jina langu lingetosha.